Kikombe cha Asubuhi na Jezi ya Jumamosi

Ukitaka kuwagawa watu wa mpira hapa Malindi, uliza hivi: mchezaji aliyeacha unga, yaani heroini, na sasa anakunywa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi yake, arudi kikosini? Juzi kwenye baraza moja ya Shela kahawa ilipoa vikombeni kwa swali hilo.

Wanaokataa wana hoja. Methadoni ni ukoo mmoja na heroini, na huziba maumivu. Asiyesikia goti lake atalimaliza. Halafu kuna watoto nyuma ya goli, wanaoiga hata namna ya kufunga kamba za viatu. Makocha wa hapa wamepoteza vijana wengi maskani, hawataki mzaha.

Wanaponikosa ni pale wanaposema, "Si bado anatumia?" Tangu 2015 hospitali ya hapa mjini ina kliniki ya methadoni. Foleni ni ya asubuhi, kila siku ya Mungu. Mtu anapewa dawa kwenye kikombe kidogo, anaimeza mbele ya muuguzi, kisha anasemeshwa ili ijulikane haikubaki mdomoni. Heroini humwacha baada ya saa chache akitetemeka kwa arosto. Dozi moja ya methadoni inambeba siku nzima. Teja gani atavumilia utaratibu huo kwa ajili ya stimu?

Barazani walinitajia Tony Adams, beki wa zamani wa Arsenal (timu hiyo haikosi mtetezi mji huu). Kweli, alikiri ulevi wake mwaka 1996 akiwa nahodha, akabaki nahodha, na mwaka 2000 akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo. Lakini yeye aliacha pombe bila dawa ya kushika nafasi yake. Kumpigia makofi ni rahisi.

Sasa tazama sheria. Tangu 2021, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, inasema mchezaji aliyekutwa na heroini, akithibitisha aliitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya mchezo, anafungiwa miezi 3. Akimaliza matibabu yanayokubalika, adhabu inaweza kushuka hadi mwezi 1. Huruma hiyo naiunga mkono. Ila methadoni nayo ni marufuku siku ya mechi, na anayeinywa kila asubuhi hana mechi atakayoingia bila kuwa nayo mwilini. Basi aombe kibali cha matibabu. Na sharti mojawapo la kibali ni kwamba haja ya dawa isiwe imetokana na kutumia kitu kilichokuwa marufuku wakati kilipotumiwa.

Lisome tena sharti hilo. Mtu anahitaji methadoni kwa sababu gani nyingine kama si unga? Wakili mzuri atajibu kwamba heroini hukatazwa siku za mashindano tu, na mteja wake alivuta siku za katikati ya wiki. Sawa. Mlinda mlango wa Maweni atampata wapi wakili huyo? Aliyeteleza anafunguliwa mlango, anayejitibu anaulizwa karatasi.

Hata kabla ya karatasi kuna basi. Mechi ikiwa Mombasa, timu huondoka alfajiri, dirisha la dawa likiwa bado limefungwa. Niliuliza barazani kama basi linaweza kungoja hadi saa mbili. Meneja akasema saa mbili si tatizo, tatizo ni wenzake watakaotaka kujua wanamngoja nani, na kwa nini.