Ushahidi wa mpinzani: uutaje au uunyamazie?

Anayetetea Kiswahili kitumike kufundishia sekondari Tanzania ana pa kushika. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuangalia upya elimu nchini, ilishalipendekeza hilo mwaka 1982. Ila kuna jambo linalomkwama kooni: wazazi, hata wasiojua Kiingereza, wakipata uwezo kidogo tu wanawapeleka watoto ingilishi midiamu. Alitaje?

Wapo watakaomwambia anyamaze, na si wajinga. Mpinzani ana mdomo wake, wa nini kumsemea? Tena utafiti unawapa nusu ya haki. Mwaka 1945 mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake waliwasikilizisha askari wa Marekani vipindi vya redio vilivyodai kuwa vita na Japani bado vingechukua muda mrefu. Kimoja kilitoa hoja za upande mmoja, kingine kiligusa na zinazopinga. Kwa askari waliokwisha kuamini hivyo, cha upande mmoja kilifanya kazi zaidi. Waliokuwa na mawazo tofauti, pamoja na waliosoma zaidi, walivutwa na kile cha pande mbili.

Sasa makala ya kushawishi huandikiwa nani? Aliyekwisha kukubali hahitaji hoja, anahitaji ngoma tu.

Hata hivyo kutaja peke yake hakutoshi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na wataalamu wa mawasiliano Mike Allen (1991) na Daniel O'Keefe (1999) ulionyesha kwamba, ukiacha matangazo ya biashara, anayetaja hoja pinzani na kuijibu huwashinda wote, lakini anayeitaja na kuiacha hivyo hivyo hushindwa hata na aliyenyamaza. Ndiyo maana ile "wapo wanaopinga, lakini..." ya kupitia juu juu, tuliyoizoea magazetini, ni hasara tupu.

Mtetezi wetu angeandika hivi: ndiyo, wazazi wanakitaka Kiingereza, na wana sababu, kwani mtihani wa kidato cha nne ni wa Kiingereza na usaili wa kazi nao mara nyingi ni hivyo hivyo. Wanachotaka ni mtoto akijue. Je, kufundishiwa fizikia kwa lugha asiyoielewa ndiko kutakakomfanya akijue? Hapo ushahidi wa mpinzani umegeuka swali lake mwenyewe.

Jibu hilo halimalizi yote, lakini. Gharama za kuandika upya vitabu vya kiada na kuwanoa walimu ziko palepale, na hizo hazijibiwi kwa ufundi wa sentensi, zinataka hesabu.