Walvis Bay: Acha Gari, Fuata Maji

Wengi wanaokwenda Walvis Bay, Namibia, kutazama ndege hukodi gari la magurudumu manne na kukimbilia kwenye matuta ya mchanga. Mimi naona hapo ndipo safari inapoharibikia. Ndege wa pale hufuata maji, na mtazamaji naye ayafuate.

Anza na jedwali la maji kupwa na kujaa. Fika kwenye wangwa (uwanda wa tope unaofunikwa na maji yakijaa) mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Yakipwa, vitwitwi, ndege wadogo wa pwani waliotoka Siberia (wapo kuanzia Septemba hadi Aprili), hutawanyika mbali topeni, na hata darubini kubwa huonyesha vitone tu. Yakipanda, huwasogeza hadi ukingoni ulipo. Ila wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, usichelewe, kwani tope lote likifunikwa wanahamia kwingine kupumzika.

Asubuhi jua huwa mgongoni mwako ukiwa barabara ya ukingoni, lakini mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu. Alasiri upepo wa kusini-magharibi hutikisa darubini, kwa hiyo fupisha miguu ya kisimamio na uketi chini.

Heroe (flamingo) wapo wa aina mbili. Mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Hukanyagakanyaga akizunguka palepale ili kutibua wadudu wa topeni, na maji yakipwa utaona mviringo aliouchimba. Mdogo ana mdomo mwekundu uliokoza, naye huchuja mwani mdogo sana karibu na uso wa maji.

Sasa turudi kwenye gari. Buabua wa Damara, ndege mdogo wa baharini ambaye sehemu kubwa ya jamii yake yote duniani huzaliana Namibia, hutaga kwa kawaida yai moja tu, juu ya changarawe tupu, mara nyingi mbali na ufuo ili kuwakwepa bweha. Yai hilo lina rangi ya kokoto, na dereva hawezi kuliona. Ndiyo maana kuendesha nje ya njia zilizokwisha kuchongwa, hasa Novemba hadi Januari, ni jambo nisiloweza kulitetea hata kidogo.

Hata kwa miguu, buabua akianza kukuzunguka kichwani akilia, simama. Tazama chini kabla ya kuinua mguu, kisha rudi kwa nyayo zako zilezile. Usitafute kiota ili upige picha: mzazi akikaa mbali, yai huungua juani.