Oxford ya Kardinali Wolsey na Nyegezi yetu

Tangu nihamie Oxford, ndugu zangu wa Mwanza huviongelea vyuo vya huku kana kwamba vilijengwa na malaika. Nawaomba wakisikie kisa cha Christ Church, chuo ambacho watalii hupanga foleni kukiona.

Mwanzilishi wake ni Kardinali Thomas Wolsey, mtoto wa muuza nyama wa Ipswich, aliyesoma hapahapa kisha akapanda hadi kuwa Chansela, yaani waziri mkubwa, wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza. Mwaka 1518 chuo kikuu kilimkabidhi sheria zake azipange atakavyo. Wasomi wazima, mbele ya mtu mmoja! Baadaye, kwa kibali cha Papa, alifunga monasteri (nyumba za watawa) zaidi ya 20, na mali za nyumba hizo zikagharimia Cardinal College, aliyoianzisha mwaka 1525 palipokuwa na nyumba ya watawa ya Mtakatifu Frideswide.

Akaita vijana hodari kutoka Cambridge. Kumbe baadhi yao walikuwa wakisoma vitabu vya Martin Luther, Mjerumani aliyelipinga Kanisa Katoliki. Mwaka 1528 walikamatwa, wakafungiwa ndani ya ghala la samaki la chuo, na kadhaa wao wakafa. Hilo linaniuma kuliko yote, maana walichaguliwa kwa elimu yao, na elimu hiyohiyo ikawaponza.

Mwaka 1529 Wolsey aliangushwa kwa kushindwa kumpatia mfalme ruhusa ya kuachana na mkewe. Chuo kingine alichokuwa amekianzisha kwao Ipswich kilikufa kikiwa kichanga; limebaki lango la matofali. Cha Oxford kilipona kwa sababu mfalme alikitaka. Mwaka 1532 akakipa jina lake, na 1546 kikawa Christ Church. Kwenye kuta za ua mkubwa bado zinaonekana alama za matao ambayo Wolsey hakuyamalizia.

Sasa tazameni Nyegezi, pale kwetu Mwanza. Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo pale mwaka 1960. Yeye aliondoka jimboni, chuo kikaendelea, na mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likakifanya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Hakikubeba jina lake, wala hakikuanguka naye.

Maktaba za huku zinatuzidi mbali, sibishi, na ningefurahi kila kijana wetu azione. Lakini wanaoniuliza kama wauze shamba la familia ili mtoto aje kusoma huku, nawajibu waziwazi: shamba libaki, na shahada ya kwanza aichukue Nyegezi.