Miche tuliiona, milioni hatuioni

Enzi za OWC (Operation Wealth Creation), ule mpango wa serikali wa kugawa pembejeo ulioanza 2013 chini ya wanajeshi, hapa kwetu Busia, Uganda, hakuna aliyehitaji orodha ya waliopewa. Lori likisimama kwenye ofisi ya gombolola, kijiji kizima kina habari. Nakumbuka miche ya michungwa ikishushwa katikati ya kiangazi, majani yamejikunja, na watu bado wanahesabu: huyu kapakia pikipiki mbili, yule mwenye kishamba cha nyuma ya choo kaondoka na miche mia. Mingi ilikauka. Ila aliyepewa tulimjua, hata kama ni kwa kumsengenya.

Sasa tuna PDM (Parish Development Model), mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, yaani kundi la vijiji chini ya gombolola. Tangu 2022 mpango ni shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Mwanachama anakopeshwa milioni moja kupitia SACCO ya parishi, riba asilimia 6 kwa mwaka, na siku hizi pesa inaingia kwenye simu kwa Wendi, pochi ya simu ya PostBank. Simu inatikisika, mtu anachungulia, anairudisha mfukoni na kuendelea kula muhogo wake. Silalamikii simu, pesa za kushikana mikononi zilikuwa na tabia ya kupungua njiani. Lakini simu haina turubai la kufunua watu wakaona kilichomo.

Ukiuliza, unaambiwa orodha ipo, imebandikwa. Nimekwenda kuitazama. Imebandikwa kweli, ukutani nyuma ya mlango wa ofisi, kwa hiyo ofisi ikiwa wazi mlango unaifunika, na ikifungwa wewe uko nje. Nilimwomba karani aurudishe mlango kidogo. Wino umepauka, na mbele ya majina hakuna kijiji wala shughuli. Kuku? Nguruwe? Kahawa? Kisia mwenyewe.

Wilayani wanapenda jumla. Mwongozo unataka asilimia 30 wanawake, 30 vijana, 10 wazee, 10 watu wenye ulemavu, na jumla zinaweza kutimia bila kasoro. Nyuma ya mlango ule nilisoma majina matatu ya wanawake wa nyumba moja: mke, mkamwana, na binti aliyeolewa Mbale mwaka wa nne huu. Mkaguzi wa kutoka Kampala angeweka alama ya vema na kugeuza ukurasa. Mama anayeuza mandazi pale stendi angecheka kabla ya kufika jina la pili.

Kuna wanaosema mkopo ni siri ya mtu. Hoja hiyo siidharau. Hata Umoja wa Ulaya, ambao huweka mtandaoni majina ya wanaopokea ruzuku za kilimo pamoja na kiasi, ulishindwa mahakamani 2010 kwa kuwaanika watu binafsi wote bila kuwatofautisha. Kanuni ziliandikwa upya, na majina ya wanaopata yuro 1,250 au pungufu yakaachwa nje. Kwa kipimo hicho milioni yetu ingefichwa pia.

Lakini wao wanatoa ruzuku, hairudi. PDM ni mfuko wa kuzunguka: milioni uliyokopa wewe ndiyo anayoingoja mwenzako. Jirani yangu, mama mjane mwenye kuku kumi na mmoja, alijaza fomu tangu msimu uliopita akaambiwa angoje wa kwanza warudishe. Sawa, atangoja. Ila anamngoja nani? Huyo mtu hana siri mbele ya mama huyu, kama vile mwenye zamu ya upatu hana siri mbele ya wanaomfuata.

Nimeandika barua kuomba orodha kamili, yenye kijiji, shughuli na tarehe. Sheria ya kupata habari ya 2005 inawapa siku 21 za kujibu. Leo ni ya kumi na moja, na karani ameshaniuliza mara mbili kama shida yangu ni kwamba na mimi nilinyimwa.