Maiki ya kondensa au dainamiki, kwa anayerekodi geto

Ukiulizia maiki ya kuanzia, wengi watakwambia chukua kondensa, inashika kila kitu. Kweli inashika kila kitu, na shida yenyewe ndo hiyo. Geto la kawaida lina bati juu, ukuta mtupu wa saruji, feni inazunguka, nje bodaboda na kuku wa jirani, na kondensa haibagui, vyote inakuwekea kwenye sauti yako ya kuimba.

Ila wanaoipigia debe hawajakosea jamani. Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, inashika kuanzia sauti nzito ya hezi 20 mpaka nyembamba ya 20,000, wakati Shure SM58 ambayo ni dainamiki inaanzia 50 na kuishia 15,000, sasa kwa mtu wa gitaa kavu au anayeimba kwa sauti ya chini, pumzi pumzi, zile sauti nyembamba za juu kondensa inampa bure, hapo siwabishii. Tatizo ni kondensa za bei chee aina ya BM-800, nyingi zinauzwa na waya wa kuchomeka kwenye tundu dogo la laptop, na lile tundu halina umeme wa volti 48 ambao kondensa nyingi za studio zinautaka, basi mtu anarekodi sauti iko chini, akipandisha gein, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, inakuja na shiiii, anaitukana maiki kumbe imenyimwa umeme. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya kondensa weka na saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, yenye 48V humohumo, usidanganyike na bei ya maiki peke yake.

Dainamiki nayo ina lake. Inataka gein ya kutosha na ukiimba toka mbali shiiii ni ileile. Inabidi usogee, vidole vitatu vinne toka kwenye wavu, ila ukisogea besi inapanda na kila P inapiga bomu, weka pop filta, kile kichujio cha pumzi mbele ya maiki. Cha kushukuru ni kwamba ukiwa karibu hivyo chumba kinabaki nyuma. Rapa, au mtu wa singeli anayefoka, mimi namwambia dainamiki bila kujiuliza. Ila SM58 feki zimejaa, ya ukweli ina karibu gramu 300, ukiishika unausikia uzito, ukipewa nyepesi kwa bei ya kutupa achana nayo, bora uchukue dainamiki nyingine, Behringer XM8500 orijino.

Hedifoni sasa. Za kurekodia ziwe zile zilizofunikwa nyuma, biti isivujie kwenye maiki. Zilizo wazi nyuma ni tamu kwenye kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote za wimbo, lakini kama hela ni ya moja tu chukua zilizofunika: Sony MDR-7506 iko sokoni toka 1991 na bado watu wanaitumia, mfuko ukiwa mwepesi kuna ATH-M20x. Wapo wanaouliza ya nini hedifoni za studio wakati msikilizaji yuko kwenye simu na sabufa? Wana hoja, mwisho wa siku lazima ukaupime wimbo hukohuko, ila ukimiksi na hedifoni zilizojazwa besi kiwandani unaipunguza besi ukidhani imezidi, ukienda kwenye spika nyingine kiki, lile dundo la ngoma, haipo. Na za bluetooth kwenye kurekodi sahau kabisa, sauti inachelewa, unajikuta unaimba nyuma ya biti.