Mwezi Si Geji ya Mafuta

Mimi ni fundi pikipiki, Masasi. Bahari naijua kama jirani wa mtaa wa pili: tunasalimiana, hatukopeshani. Ila nimeoa Msimbati, na ukishaoa pwani wenzako wa gereji wanakuona mvuvi. Sikuwakatalia.

Wakaanza kunidai: "Shemeji wa pweza, lini unatupeleka?" Nikawaambia tungoje bamvua, maji yanapotoka mbali, miamba ikabaki mikavu na watu wakatembea juu yake na ndoo. Bamvua huja mwezi ukipevuka au ukiandama. Hilo nililijua, mke wangu halisahau kulisema. Kilichonishinda ni hesabu.

Jioni moja natazama juu, mwezi nusu kamili, kama chapati iliyokatwa. Natazama kalenda ya ukutani, imeandika "robo ya kwanza". Nikacheka peke yangu. Robo wapi, na nusu ninaiona? Geji ya mafuta inakwenda robo, nusu, robo tatu, fulu. Kama tenki lina nusu na kalenda inasema robo, kalenda imechelewa. Ilikuwa imeonyesha na siku ya mwezi mpevu, lakini mimi simwamini mtu aliyekwisha kunidanganya mara moja. Nikakadiria mwenyewe: siku tatu, fulu.

Siku ya tatu watu tisa tukajibana kwenye Noah ya kukodi, na ndoo sita, deli la barafu, na vyuma vya kuchokolea pweza nilivyovichomelea kwa mkono wangu. Saa nne asubuhi tuko Msimbati. Siku za bamvua, saa nne maji yamekupwa kabisa. Siku ile yalikuwa yamefunika miamba yote. Pwani nzima hapakuwa na mwanamke hata mmoja mwenye ndoo, jambo ambalo mtu mwenye akili angejiuliza.

"Yanashuka hayo," nikawaambia.

Ili kuwathibitishia kwamba mwamba uko hapo hapo, nikavua suruali, nikaiweka juu ya jiwe, nikaingia. Maji yalipofika kifuani nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu.

Nikachutama mpaka kidevuni. "Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Mbona salamu zinatoka majini?"

"Tumefuata bamvua, mama."

Akahesabu vidole, hata juu hakutazama. "Leo mwezi kumi. Haya maji mafu, baba. Yameshuka kidogo alfajiri, sasa yanajaa."

Nikamweleza habari ya robo. Hapo ndipo nilipokosea, maana alivuta gogo akakaa, na mtu huwezi kumtokea mama mkwe na nguo ya ndani. Nikafundishwa nikiwa majini. Hiyo robo si ya uso wa mwezi, ni ya safari yake: ukionekana nusu umekwisha tembea robo ya mzunguko, na mpaka upevuke ni wiki nyingine nzima. Ndiyo maana watu husema mwezi wa kumi na nne. Baada ya hapo unachelewa kutoka, karibu saa nzima kila usiku, unapungua hadi nusu tena, kisha unabaki ukucha wa alfajiri upande wa mashariki, unapotea siku ya ishirini na tisa au ya thelathini, unaandama magharibi jua likizama. Ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta bahari kwenye mstari mmoja. Ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, kama watu wawili wanaosukuma gari, mmoja nyuma na mmoja ubavuni.

Nilikuwa nimeanza kusimama kwa ncha za vidole ili nipumue. Nikageuka kutazama jiwe. Jiwe halipo. Suruali haipo. Ufunguo wa Noah ulikuwa mfukoni.

Wenzangu wakalala mchangani kwa kicheko. Mama akavua kanga ya mabegani, akampa mtoto aniletee, akaondoka bila kugeuka nyuma, Mungu amzidishie. Gari nililiwasha kwa kuunganisha nyaya, nimejifunga kanga ya maua, na hivyo hivyo nikaendesha mpaka Masasi.

Siku sita baadaye bamvua likaja kweli. Wanawake waliokwenda miambani wakaikuta suruali imenasa. Mfukoni, juu ya ufunguo, amejikunyata pweza.