Matarumbeta Yaliyogoma Kutoka Kipilefti

Hailaksi yangu kazi yake ni matarumbeta. Wikiendi vijana wanapanda nyuma na mabati yao ya kupuliza, ngoma kubwa inafungwa kwa kamba, tunatangulia mbele ya maharusi kutoka kanisani mpaka ukumbini. Moshi mjini hapana shida. Shida ni kanisa likiwa Kibosho au Marangu. Injini ilikuwa 3L, dizeli, silinda 4, cc 2,779. Kwa kudumu naivulia kofia, lakini kwenye mlima na mzigo ule watoto wa shule walikuwa wanatupita kwa miguu, tena wanasimama kuamkia: "Shikamooni!" na kusubiri tuitikie.

Nikaamua kuweka 1JZ, ile ya petroli iliyojaa kwenye Mark II na Crown. Silinda 6 mstari mmoja, cc 2,491, na hii ya VVT-i Toyota waliiandikia nguvu ya farasi 200. Kwa mlima ni shetani. Kwa mafuta pia ni shetani, ila hilo mke wangu ameshalisema vya kutosha.

Fundi kijana aliyeifunga akaniuzia wazo la hedasi za kutolea moshi: badala ya manifoldi nzito ya chuma cha kiwandani, unapata mabomba sita, kila moja linajipinda kivyake mpaka yanapokutana chini. "Bosi, hii ndiyo inapumua." Ikapumua kweli. Sasa 1JZ inatolea moshi upande wa kulia, na magari yetu usukani uko kulia. Kwa hiyo shafti ya usukani, ikiteremka kutoka kwenye kebini kwenda steringi boksi, ilipita pale kwenye mabomba kama abiria wa mwisho kwenye Hiace. Nikauliza, hapa hapagusani? Fundi akapitisha kidole kati ya bomba na jointi ya usukani. "Si unaona kinapita?" Kilikuwa kidole cha mwisho, na fundi mwenyewe mwembamba.

Jumamosi harusi. Tumetoka kanisani salama, tunaingia kipilefti cha Mnara wa Saa, gia namba moja, nakata kulia kuufuata mzunguko. Nikasikia "tak!" Usukani umekamata. Kurudi kushoto haurudi. Nikajua pawa ya usukani imezimia kwa sababu injini inazunguka taratibu, nikaongeza mafuta. Ukakamata zaidi. Njia yetu ya kutokea ikapita kushoto kwangu, naiangalia kwa macho tu.

Tukazunguka. Nyuma vijana wakafurahi, kumbe dereva leo kaamua, wakabadilisha wimbo wakaweka wa moto zaidi. Mnajua ilivyo kwetu, matarumbeta kuzunguka kipilefti ndiyo raha yenyewe ya harusi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Gari la maharusi likanifuata. Noah za ndugu zikafuata. Shangazi wa bibi harusi akatoa nusu ya mwili dirishani, kitenge juu, vigelegele. Trafiki na sare yake nyeupe akasimamisha magari ya pande zote ili tujinafasi. Bodaboda wawili ambao harusi haiwahusu wakajiunga. Mimi jasho linanitoka, napiga honi niombe msaada, na kila nikipiga honi msafara mzima unanijibu kwa honi.

Kilichotuokoa ni Coaster ya wazee. Msafara ulikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa kilikutana na mkia: naiona Coaster hiyo mbele yangu, ya mwisho kabisa kwenye foleni yetu, na mimi wa kwanza niko nyuma yake. Nikaachia mafuta nikanyage breki. "Tak!" Usukani ukafunguka. Sikuchagua njia, nikachomoka kwenye iliyokuwa wazi, na harusi yote ikanifuata kwa utii hadi stendi ya mabasi. Kabla sijazima gari mpiga debe alishafika dirishani kwa bibi harusi: "Dada, Arusha hiyo inaondoka, siti ya dirishani ipo!"

Jumatatu nikampelekea mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Alikuwa anakula. Akanisikiliza, akamega tonge la ugali, akalibandika kwenye jointi ya usukani, sikio lile linalotokeza. "Weka namba moja, shika breki, achia klachi kidogo kidogo." Injini ikajilaza upande wa kulia, tukaangalia tonge: limekuwa bapa, na alama ya bomba imechorwa juu yake. Akabandika lingine. "Sasa rivasi." Injini ikalalia kushoto, tonge halikuguswa.

"Mwanangu," akasema, "gari yako ni nzima, ila kwa kurudi nyuma tu."

Akanieleza kwamba injini ikivuta lazima ijipindue kwenye mauntini zake, yale makalio ya raba inayokalia, na gia namba moja ndiyo inayoipindua sana. Kwenda mbele, hii inalalia kwa dereva. Gari likiwa limesimama kidole kinapita, likivuta mlima sikio la jointi linanasa nyuma ya bomba. Na mauntini zangu, alipozimulika kwa tochi, raba zilikuwa zimechanika.

Fundi kijana niliyekuja naye akashauri tukate shafti, tuikwepeshe, tuchomelee. Mzee hata hakumtazama. "Usukani hauchomelewi hapa kwangu." Akafunga mauntini mpya, akarefusha matundu ya mabano injini isogee kushoto milimita chache, hedasi akaing'oa, akarudisha manifoldi ya kiwandani inayokumbatia injini, na kibati cha kuzuia joto lisipike raba ya shafti. Akabandika tonge tena. Likatoka duara, akalitupia kuku. Kupumua kumepungua, siwezi kukataa, ila Kibosho napanda na gia ya tatu.

Juzi kanipigia mwenyekiti wa kamati ya harusi nyingine. Tumekubaliana bei, tarehe, saa. Kisha akashusha sauti: "Na ile ya kuzunguka mnara mpaka mwanzo wa msafara unakutana na mwisho, imo humo humo kwenye bei?"

Nikamwambia hiyo ni nyongeza, elfu thelathini.